Tarehe moja, matukio mengi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sadfa za kalenda

Haya ni maswali yanayojirudia kila zinapotajwa sadfa za tarehe. Tarehe zote hapa ni za kalenda ya Gregori, ile inayotumika kila siku karibu duniani kote, isipokuwa palipoelezwa vinginevyo.

## Ya kuanzia

Sadfa ya tarehe ni nini hasa?

Ni matukio mawili au zaidi kuangukia siku na mwezi ule ule, iwe mwaka mmoja au miaka tofauti. Ziko za aina tatu, na mabishano mengi hutokana na kuzichanganya. Aina ya kwanza ni bahati tupu. Ya pili ina mkono wa mtu: aliyepanga tukio la baadaye aliitaka tarehe ile kwa sababu ya tukio la awali. Ya tatu haikutokea kabisa: kalenda mbili zimesomwa kana kwamba ni moja, au msimulizi kasogeza tarehe siku mbili tatu ili hadithi yake inoge.

Watu hupenda zaidi ya kwanza. Mimi naiona ya pili kuwa ndiyo yenye utamu, maana hapo ndipo unapoona watu wakiitumia historia kwa makusudi.

Kwa nini kila tarehe ina orodha ndefu ya matukio makubwa?

Kwa sababu mwaka una siku 365 tu, au 366, na matukio yaliyoandikwa ni maelfu kwa maelfu. Lazima yarundikane. Chukua 26 Aprili. Mwaka 1937 ndege za Ujerumani na Italia zilishambulia mji wa Guernica, Hispania. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Hayahusiani kwa lolote, na ukichagua tarehe nyingine yoyote hutakosa matatu yenye uzito kama huo.

Wakati mwingine hata mwaka hulingana. Tarehe 11 Novemba 1975 Angola ilipata uhuru kutoka kwa Ureno, na siku hiyo hiyo huko Australia gavana mkuu alimfukuza kazi waziri mkuu, Gough Whitlam. Tarehe ya Angola ilikuwa imewekwa tangu Januari ya mwaka huo katika Mapatano ya Alvor. Ya Whitlam ilitokana na mvutano wa bajeti bungeni.

Je, ni ajabu watu wawili mashuhuri kuzaliwa au kufa tarehe moja?

Inategemea umeulizaje. Katika kundi la watu 23 waliokusanyika ovyo, uwezekano wa kuwapo wawili wenye siku moja ya kuzaliwa unapita kidogo nusu. Wengi hukataa kuamini kwa kuwa wanajifikiria wao wenyewe dhidi ya wale 22 wengine. Lakini hesabu haimhusu mtu mmoja, inahusu jozi zote, na watu 23 wanatoa jozi 253.

Marais wa Marekani wanatosha kuwa mfano. James Polk na Warren Harding wote walizaliwa 2 Novemba. Millard Fillmore na William Taft walikufa 8 Machi, Harry Truman na Gerald Ford wakafa 26 Desemba. Kwa kundi kubwa kiasi hicho, ajabu ingekuwa kutopata hata jozi moja.

Ukiwataja watu wawili kabla ya kutazama tarehe zao, hapo mambo hubadilika: nafasi ya kulingana ni takribani 1 kwa 365. Kwa hiyo kila unapokutana na sadfa, jiulize kama jozi ile ilitajwa kabla au iliokotwa baada ya kupekua orodha nzima.

## Waliozaliwa na waliokufa

Ni kweli Adams na Jefferson walikufa siku moja, tena siku ya uhuru wa Marekani?

Kweli kabisa, na huenda ndiyo sadfa bora kuliko zote zenye ushahidi. Tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya kupitishwa Azimio la Uhuru, Thomas Jefferson alifariki mchana nyumbani kwake Monticello, Virginia, akiwa na miaka 83. Saa chache baadaye, jioni, John Adams akafariki Quincy, Massachusetts, akiwa na miaka 90. Wote walikuwa katika kamati iliyoteuliwa kuandaa azimio lile, wote walikuwa marais, na baada ya uhasama wa miaka mingi walikuwa wamerudi kuandikiana barua kama marafiki. Husimuliwa kwamba maneno ya mwisho ya Adams yalimtaja Jefferson kuwa bado yu hai, asijue mwenzake ametangulia.

Lakini usiiweke moja kwa moja kwenye kapu la bahati tupu. Jefferson, akiwa mahututi usiku wa tarehe 3, aliwauliza waliokuwa kando ya kitanda chake kama tarehe 4 imeshafika. Mzee alikuwa anaingoja. Kama mtu anaweza kuahirisha kifo kwa kutaka tu, hilo silisemi. Ila tarehe ile haikuwa ngeni kichwani mwake.

James Monroe naye alikufa 4 Julai, mwaka 1831. James Madison alifariki 28 Juni 1836, akapungukiwa siku sita, na ndiyo maana hatajwi kamwe kwenye hadithi hii.

Lincoln na Darwin walizaliwa siku moja?

Ndiyo, 12 Februari 1809, mmoja Kentucky na mwingine Shrewsbury, Uingereza. Nchi zote mbili zilikuwa zikitumia kalenda moja wakati huo, kwa hiyo hapana la kubishia. Ni bahati tu.

Na Shakespeare na Cervantes, walikufa siku moja?

Hapana, ingawa ndivyo inavyoandikwa kila mwaka ifikapo 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani. Miguel de Cervantes alifariki Madrid 22 Aprili 1616 na kuzikwa kesho yake. Tarehe 23 ni ya mazishi. William Shakespeare alifariki 23 Aprili 1616, lakini kwa kalenda ya Juliasi ambayo Uingereza ilikuwa bado inaishikilia. Kwa kalenda ya Hispania siku hiyo ilikuwa 3 Mei. Waliachana kwa siku 11. Sababu ya pengo hilo imeelezwa chini, kwenye sehemu ya kalenda.

Sasa, kuhusu Shakespeare kufa siku aliyozaliwa: kinachojulikana ni kwamba alibatizwa 26 Aprili 1564. Ile 23 Aprili ya kuzaliwa ni makadirio yaliyozoeleka hadi yakawa kama ukweli, na nashuku yalipendwa kwa sababu yalilingana na siku ya kifo.

Kuna yeyote aliyekufa kwa hakika siku yake ya kuzaliwa?

Wapo wengi, hesabu inataka hivyo. Mwigizaji Ingrid Bergman alizaliwa 29 Agosti 1915 na kufa 29 Agosti 1982. James Milne Wilson, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Tasmania, aliwapita wote: alizaliwa 29 Februari 1812, akafa 29 Februari 1880.

Vipi kuhusu Galileo, Newton, Einstein na Hawking?

Huu ni mnyororo wenye pingu nzima na pingu zilizoungwa. Stephen Hawking alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya kifo cha Galileo, akafa 14 Machi 2018, tarehe aliyozaliwa Albert Einstein mwaka 1879. Hayo ni sahihi. Hawking mwenyewe alikuwa akilifanyia mzaha lile la kwanza, akikadiria kwamba watoto wapatao 200,000 walizaliwa siku hiyo hiyo. Tarehe 14 Machi pia ndiyo aliyokufa Karl Marx, mwaka 1883, lakini wapenda fizikia humruka.

Kiungo kibovu ni Isaac Newton. Husemwa kwamba alizaliwa mwaka aliokufa Galileo, 1642. Hilo hupatikana kwa kusoma kifo cha Galileo kwa kalenda ya Gregori na kuzaliwa kwa Newton kwa kalenda ya Juliasi, 25 Desemba 1642. Ukitumia kalenda moja kwa wote wawili, Newton anahamia 4 Januari 1643.

Kwa nini vifo vya waandishi wawili wa 22 Novemba 1963 havikusikika?

Kwa sababu siku hiyo John Kennedy aliuawa Dallas. C. S. Lewis alifariki Oxford na Aldous Huxley akafariki Los Angeles siku ile ile.

Hadithi ya baba na mwana waliokufa kwenye bwawa la Hoover ni ya kweli?

Kiini chake ni cha kweli. J. G. Tierney alizama katika mto Colorado tarehe 20 Desemba, mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati wa kutafuta mahali pa kujenga bwawa. Mwanawe Patrick alianguka kutoka kwenye mojawapo ya minara ya kuingizia maji, 20 Desemba 1935, akawa wa mwisho kufa katika ujenzi ule. Mara nyingi baba huitwa wa kwanza kufa, na hapo ndipo chumvi inapotiwa. Tarehe haihitaji msaada huo.

## Tarehe zilizochaguliwa

Nitajuaje kama tarehe ilichaguliwa makusudi?

Angalia nani alikuwa na uwezo wa kuamua siku. Dhoruba, moyo kusimama na kinu kulipuka havichagui. Kutawazwa, kutia saini, kuzindua chama na kufungua mkutano ni mambo ya kupangwa, na mwenye kupanga hutazama kalenda. Ukiona sherehe imeangukia maadhimisho ya sherehe nyingine, chukulia kwanza kwamba kuna mkono wa mtu.

Kwa nini 2 Desemba ina uzito Ufaransa?

Napoleon alijivika taji katika kanisa kuu la Notre-Dame 2 Desemba 1804. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, aliyashinda majeshi ya Urusi na Austria huko Austerlitz, na hilo halikuwa jambo la kupangwa na mtu mmoja, maana vita huhitaji adui naye afike. Mpwa wake Louis-Napoléon ndiye aliyejua thamani ya tarehe hiyo. Alipoamua kulivunja bunge na kujitwalia madaraka, alingoja 2 Desemba 1851. Mwaka uliofuata, 2 Desemba 1852, akatangazwa mfalme mkuu. Miaka minne ya tarehe moja: moja tu ya bahati.

Ujerumani nayo ilifanya hivyo 18 Januari?

Ilifanya, na ikafanyiwa. Mfalme wa kwanza wa Prussia alitawazwa 18 Januari 1701. Dola ya Ujerumani ilitangazwa 18 Januari 1871, tena katika ukumbi wa vioo wa kasri la Versailles, Ufaransa ikiwa imeshindwa vita. Wafaransa hawakusahau. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkutano wa amani wa Paris ulifunguliwa 18 Januari 1919, na Juni mwaka huo Wajerumani wakatia saini mkataba katika ukumbi ule ule wa vioo.

Katika Afrika Mashariki kuna mifano?

Iko mingi. Chama cha Afro-Shirazi kiliundwa 5 Februari 1957, Azimio la Arusha likatangazwa 5 Februari 1967, na TANU na Afro-Shirazi zikaungana kuwa CCM 5 Februari 1977. Kumi, kumi, kumi. Hapo hakuna wa kudai bahati. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963 na kuwa jamhuri tarehe hiyo mwaka uliofuata, na Tanganyika ilikuwa imefanya vivyo hivyo 9 Desemba 1961 na 1962.

Saba Saba ni habari nyingine. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na Kenya ina Saba Saba yake ya 7 Julai 1990, siku ya mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi, ambao Kenneth Matiba na Charles Rubia walikamatwa kabla haujafanyika. Tarehe yenye namba mbili zinazofanana hukaa mdomoni, na wanasiasa wanalijua hilo. UNESCO ilipoitenga 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, iliifunga na ile ya 1954.

Je, 9 Novemba ya Ujerumani ni bahati au ilipangwa?

Ni vyote viwili, na ndiyo sababu tarehe hii inanivutia kuliko nyingine zote. Mwaka 1918 ilitangazwa kwamba Kaisari ameacha kiti, na Philipp Scheidemann akatangaza jamhuri akiwa dirishani mwa jengo la bunge, Berlin. Mwaka 1923 jaribio la mapinduzi la Hitler lilizimwa kwa risasi Munich. Mwaka 1938 Wanazi walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi nchi nzima. Mwaka 1989 Ukuta wa Berlin ulifunguka.

Anza na 1938. Mwanadiplomasia Ernst vom Rath, aliyepigwa risasi Paris siku mbili kabla, alifariki jioni ya tarehe 9. Habari zilipofika, viongozi wa Wanazi walikuwa tayari wamekusanyika Munich kwa maadhimisho ya 1923. Goebbels, waziri wa propaganda, alisimama pale pale akawahutubia, na amri zikatoka usiku ule. Kifo kuangukia siku ile ilikuwa bahati mbaya. Wauaji kuwa chumba kimoja haikuwa bahati.

Ya 1989 ni kinyume chake. Kanuni mpya za kusafiri zilikusudiwa kutangazwa asubuhi ya tarehe 10. Msemaji wa chama, Günter Schabowski, alikabidhiwa karatasi bila kuelezwa hilo. Alipoulizwa na waandishi zinaanza lini, alipekua makaratasi yake mbele ya kamera, akajibu kwamba kwa kadiri anavyojua, ni mara moja, bila kuchelewa. Watu wakamiminika kwenye vizuizi. Angesoma vizuri, tungekuwa tunaizungumzia 10 Novemba.

Sikukuu ya taifa nayo haikuwekwa siku hiyo. Iliwekwa 3 Oktoba, siku ya muungano wa 1990, kwa kuwa hakuna namna ya kusherehekea 1989 bila kukanyaga 1938.

## Kalenda inapoingilia

Kwa nini tukio moja lina tarehe mbili?

Kalenda ya Juliasi ilikuwa na miaka mirefu (ya siku 366) mingi kupita kiasi, ikachelewa nyuma ya jua. Papa Gregori wa 13 aliirekebisha mwaka 1582: baada ya 4 Oktoba ikafuata 15 Oktoba. Nchi za Kikatoliki kama Hispania zilifuata mara moja, nyingine zikagoma. Uingereza ilibadili mwaka 1752, Urusi mwaka 1918. Pengo lilikuwa siku 10 wakati wa Shakespeare na Cervantes, 11 katika karne ya 18, 12 katika ya 19, na ni 13 tangu mwaka 1900. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, ya tarehe 25 Oktoba 1917, yaliadhimishwa 7 Novemba.

Mtakatifu Teresa wa Ávila alifariki usiku ule ule wa mabadiliko. Alikufa 4 Oktoba 1582, na kulipokucha ikawa 15 Oktoba, ambayo mpaka leo ndiyo sikukuu yake.

Kalenda ya Kiislamu inabadilisha nini?

Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo tarehe zake husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka zikilinganishwa na za Gregori. Sadfa ya kalenda moja huyeyuka katika nyingine. Mfano mzuri ni vita vya 1973, Misri na Syria zilipoishambulia Israel. Ilikuwa 6 Oktoba. Ilikuwa 10 Ramadhani 1393. Na kwa Wayahudi ilikuwa 10 Tishri, Siku ya Upatanisho. Operesheni ya Misri iliitwa Badr, jina la vita vya Mtume vilivyopiganwa katika Ramadhani. Miaka minane baadaye, 6 Oktoba 1981, Anwar Sadat aliuawa katika gwaride la kuadhimisha vita hivyo. Kwa kalenda ya Gregori tarehe zinalingana, lakini kwa ya Kiislamu siku ya kuuawa kwake haikuwa hata ndani ya Ramadhani.

Ni kweli mahekalu yote mawili ya Yerusalemu yaliharibiwa tarehe 9 Av, mwezi wa tano wa kalenda ya Kiyahudi?

Ndivyo mapokeo ya Kiyahudi yanavyofundisha, na ndiyo siku ya kufunga. Kuhusu hekalu la kwanza, Biblia yenyewe inatoa tarehe mbili: Kitabu cha Pili cha Wafalme kinataja siku ya 7 ya mwezi wa tano, Yeremia anataja ya 10. Siku ya maombolezo ikasimama kati yake. Uharibifu wa mji huchukua siku kadhaa, kwa hiyo kuchagua siku moja ya kukumbuka si udanganyifu. Hata Azimio la Uhuru la Marekani liko hivyo: kura ya uhuru ilipigwa 2 Julai 1776, maandishi yakapitishwa tarehe 4, na wengi walitia saini 2 Agosti. Adams alitarajia vizazi vijavyo vitasherehekea tarehe 2.

## Maswali ya pembeni

Lincoln na Titanic wana tarehe moja?

Ndiyo, hata usiku wao unafanana. Abraham Lincoln alipigwa risasi usiku wa 14 Aprili 1865, akafa asubuhi ya tarehe 15. Titanic iligonga barafu usiku wa 14 Aprili 1912, ikazama alfajiri ya tarehe 15. Ni bahati tu.

Na ile orodha ya mambo yanayowafananisha marais Lincoln na Kennedy?

Ina ya kweli na ya kubuni. Kuchaguliwa urais 1860 na 1960, kuuawa siku ya Ijumaa, na kurithiwa na Johnson aliyezaliwa 1808 na mwingine wa 1908, hayo ni sahihi. Kwamba katibu wa Lincoln aliitwa Kennedy ni chuku; makatibu wake walikuwa John Nicolay na John Hay. Booth, muuaji wa Lincoln, naye alizaliwa 1838, si 1839 kama orodha inavyotaka ili alingane na Oswald, muuaji wa Kennedy, wa 1939.

Napoleon na Hitler waliivamia Urusi tarehe moja?

Hapana. Hitler alishambulia 22 Juni 1941. Jeshi la Napoleon lilianza kuvuka mto Niemen 24 Juni 1812. Siku mbili husahauliwa kwa urahisi.

Saa za nchi tofauti zinaweza kuharibu sadfa?

Zinaweza hata kugeuza mpangilio. Wajapani walitua Kota Bharu, Malaya, 8 Desemba 1941, wakashambulia Pearl Harbor 7 Desemba. Anayesoma tarehe tu atadhani Pearl Harbor ilitangulia kwa siku nzima. Kumbe Kota Bharu ndiyo iliyoanza, kwa kama saa moja. Kati yao upo mstari wa tarehe, ambao ukiuvuka kalenda hubadilika kwa siku nzima.

Kuna tarehe isiyoweza kulingana na nyingine?

Ipo moja. Mwaka 1700 Sweden ilianza kuhamia kalenda ya Gregori kidogo kidogo, ikavurugikiwa, ikaamua kurudi kwenye ya Juliasi kwa kuongeza siku moja ya ziada mwezi Februari 1712, uliokuwa tayari na siku 29. Mwaka huo Wasweden walikuwa na 30 Februari. Upande wa pili kuna Samoa, iliyouruka mstari wa tarehe mwishoni mwa 2011: waliolala usiku wa 29 Desemba waliamka 31 Desemba, na 30 Desemba 2011 haimo katika kumbukumbu yoyote ya nchi hiyo.